Nani Alisema "Nitaitetea Hadi Kufa Haki Yako ya Kusema"? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kauli hii husikika bungeni, kwenye midahalo ya vyuo vikuu, kwenye makala za magazeti na katika hotuba za wanasheria, na karibu kila mara huambatanishwa na jina la Voltaire, mwandishi na mwanafalsafa wa Ufaransa wa karne ya 18. Majibu yaliyo hapa chini yanaeleza ilikotoka, aliyeiandika, na jinsi ilivyohama kutoka kwa mwenyewe hadi kwa mtu aliyekuwa amekwisha kufa kwa zaidi ya miaka 100.

Kauli yenyewe inasemaje?

Kwa Kiswahili huandikwa zaidi hivi: "Sikubaliani na unachosema, lakini nitaitetea hadi kufa haki yako ya kukisema." Wapo wanaoandika "hata kama sikubaliani nawe", na wapo wanaopenda chumvi zaidi wakaongeza "hadi tone la mwisho la damu yangu". Damu haimo katika maandishi ya asili, ambayo yalikuwa ya Kiingereza.

Hata neno "sikubaliani" ni laini kuliko lile lililoandikwa kwanza. Watu wawili wanaweza kutokubaliana juu ya njia fupi ya kufika sokoni na bado wakaenda pamoja. Neno lililotumiwa na mwandishi linamaanisha kutoridhia, yaani kukipima kitu na kukiona kibaya. Kwa hiyo tafsiri iliyo karibu zaidi ni "siridhii unachosema" au "siafiki unachosema". Tofauti hiyo ina uzito wake, kwa sababu kumtetea mtu ambaye mmetofautiana naye kidogo si kazi kubwa, ilhali kumtetea anayesema jambo unaloliona ovu ni mtihani.

Je, ni Voltaire aliyeisema?

Hapana. Sentensi hii haimo katika vitabu vyake, tamthilia zake, wala maelfu ya barua zake zilizohifadhiwa. Voltaire, ambaye jina lake la kuzaliwa ni François-Marie Arouet, alizaliwa Paris mwaka 1694 na akafariki humo humo mwaka 1778. Sentensi ilichapishwa mwaka 1906, tena London. Toleo la Kifaransa linalozunguka siku hizi ni tafsiri ya Kiingereza, jambo la kuchekesha kidogo ukizingatia kwamba anayedaiwa kuwa mwenyewe alikuwa bingwa wa Kifaransa.

Basi ni ya nani?

Ni ya Evelyn Beatrice Hall, mwandishi Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1868 na kufariki mwaka 1956. Vitabu vyake alivitoa kwa jina la kalamu, S. G. Tallentyre, ambalo halikumwonyesha msomaji kama mwandishi ni mwanamume au mwanamke. Mwaka 1903 alichapisha wasifu wa Voltaire, na mwaka 1906 akatoa kitabu juu ya marafiki wa Voltaire, ambamo kila sura inahusu mtu mmoja katika kundi la wanafikra wa Ufaransa wa karne ya 18. Kauli tunayoizungumzia imo katika sura inayomhusu Claude-Adrien Helvétius.

Inafaa kutazama kilichotokea. Mwanamke aliyejificha nyuma ya herufi mbili na jina la ukoo la kubuni aliandika sentensi iliyoenea kuliko karibu kila kitu ambacho mwanamume aliyekuwa akimweleza aliwahi kuandika, kisha sentensi hiyo ikaandikishwa kwa mwanamume huyo. Wengi wanaoinukuu leo hawajawahi kulisikia jina la Hall.

Aliandika juu ya tukio gani?

Helvétius alikuwa tajiri aliyejipatia mali kwa kuwa mmoja wa wakusanyaji wakuu wa kodi za mfalme, na baadaye akawa na cheo katika nyumba ya malkia. Mwaka 1758 alichapisha kitabu juu ya akili ya mwanadamu, akidai kwamba binadamu huongozwa na raha na maumivu na kutafuta faida yake mwenyewe, na kwamba tofauti za akili kati ya watu hutokana na malezi na elimu. Kitabu kilikuwa kimepita kwa mkaguzi wa serikali na kupewa kibali, ndiyo maana kilipozua ghasia hata mkaguzi huyo alikiona cha mtema kuni. Kibali cha mfalme kilifutwa mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Wanatheolojia wa Sorbonne, chuo cha Paris, walikilaani, Papa Klementi wa 13 akakilaani, na Mahakama Kuu ya Paris, ambayo iliitwa Parlement ingawa haikuwa bunge kwa maana tunayoijua, ikaamuru kichomwe moto.

Tarehe 10 Februari 1759 mnyongaji wa jiji alikichoma hadharani. Katika moto huo huo liliteketezwa shairi la Voltaire juu ya sheria ya maumbile. Helvétius alilazimika kuyakana maandishi yake zaidi ya mara moja ili ajinusuru.

Voltaire hakukipenda kitabu hicho. Alikiona kimejaa makosa, na pale kilipokuwa na ukweli aliuona ni ukweli wa kawaida uliopambwa kwa maneno makubwa. Isitoshe, hakufurahia jinsi kilivyomtaja yeye mwenyewe. Lakini kilipochomwa, alisimama upande wa mwandishi. Hall anaeleza kwamba watu waliokichukia kitabu, na ambao hata hawakumpenda sana Helvétius, sasa walimkusanyikia, na kwamba Voltaire alimsamehe mabaya yote, ya kukusudia na yasiyo ya kukusudia. Kisha anaandika kwamba Voltaire, aliposikia habari za moto, alisema kwa mshangao, "Kelele zote hizi kwa ajili ya kimanda!" Anaongeza kwamba ilikuwa dhuluma ya kuchukiza kumwandama mtu kwa jambo jepesi kama hilo. Hapo ndipo inapokuja sentensi yetu, ikiwa ndani ya alama za kunukuu, na mara tu alama zinapofungwa Hall anaandika maneno machache ambayo wanukuzi wote wameyaacha njiani: "huo ndio uliokuwa msimamo wake sasa."

Kila kitu kimo katika maneno hayo. Hakuandika "alisema" wala "aliandika". Aliandika kwamba huo ulikuwa msimamo. Anayekijua Kiswahili cha mtaani hapati taabu kuelewa. Mtu akikwambia, "Juma siku hizi ni 'mimi simo, msinihusishe'," hudhani kwamba Juma alisimama mahali akayatamka maneno hayo. Unaelewa kwamba msimulizi ameufinyanga mwenendo wa Juma ukawa sentensi moja na kumwekea mdomoni. Hall alifanya hivyo hivyo, ila kwa maandishi, ambako hakuna sauti ya kubadilisha wala jicho la kukonyeza.

Kwa nini basi watu waliamini kwamba ni maneno ya Voltaire?

Sababu ya kwanza ni alama za kunukuu. Katika aya moja kulikuwa na semi mbili zilizofungwa kwa alama hizo, ile ya kimanda na hii ya haki ya kusema, na ya kwanza ilitajwa waziwazi kuwa ilitamkwa. Msomaji mwenye haraka hana sababu ya kuitenga ya pili. Sababu nyingine ni kwamba Hall aliirudia. Mwaka 1919 alitoa mkusanyo wa barua za Voltaire alizozitafsiri, na humo akaitaja tena, ikiwa imebadilika kidogo, kama kanuni ya Voltaire. Sentensi iliyochapishwa pamoja na barua halisi za mtu hushikwa kirahisi kuwa imetoka kwenye barua hizo.

Mwezi Juni 1934 jarida la Reader's Digest la Marekani liliichapisha likimtaja Voltaire kuwa msemaji. Jarida hilo lilisomwa na watu wengi sana, na kutoka hapo ilikuwa vigumu kuirudisha.

Mimi ningeongeza sababu ambayo haimo katika historia ya uchapishaji: sentensi nzuri hutafuta mwenyewe mwenye jina. Sisi wenyewe tuna desturi hiyo. Mtu akitaka neno lake lipokelewe barazani huanza na "wahenga walisema", na hakuna anayemuuliza ni mhenga yupi, wa mji gani, alisema lini. Maandishi ya kanga nayo hutembea bila jina la mtunzi na hakuna anayelalamika. Tofauti ni kwamba wahenga hawana vitabu vya kufungua ili kuhakiki, na Voltaire anavyo.

Hall mwenyewe alisemaje alipoulizwa?

Alikiri, tena zaidi ya mara moja. Mwaka 1935, katika maelezo yaliyochapishwa na Saturday Review, alisema hakukusudia kudokeza kwamba Voltaire aliyatumia maneno hayo hasa, na kwamba angeshangaa kama yangepatikana katika kazi yake yoyote. Alieleza kuwa ni ufupisho wa wazo la Voltaire katika maandishi yake juu ya uvumilivu, la kwamba watu wafikiri wenyewe na wawaachie wengine fursa ya kufanya hivyo.

Mwezi Mei 1939 alimwandikia Burdette Kinne wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyekuwa amekutana na kauli hiyo katika mkusanyo wa barua wa 1919. Alimwambia kwamba ni maneno yake mwenyewe, kwamba hayakupaswa kuwekwa ndani ya alama za kunukuu, na akaomba radhi kwa kumpotosha bila kukusudia. Kinne aliichapisha barua hiyo mwaka 1943 katika jarida la Modern Language Notes, katika andiko fupi ambalo kichwa chake kilitangaza waziwazi kwamba Voltaire hakuwahi kusema hivyo. Suala lingepaswa kuishia hapo. Ni nadra mtunzi wa msemo maarufu kuwa hai, kuulizwa, na kujibu kwa maandishi kwamba ni wake.

Nimesoma kwamba imo katika barua ya mwaka 1770. Je, si kweli?

Dai hilo lilitolewa na Norbert Guterman mwaka 1963 katika kitabu cha nukuu za Kifaransa. Alisema kwamba tarehe 6 Februari 1770 Voltaire alimwandikia padri mmoja aitwaye le Riche kuwa anachukia anachoandika, ila angetoa uhai wake ili aweze kuendelea kuandika. Barua ya tarehe hiyo kwa Leriche ipo na imechapishwa, lakini sentensi hiyo haimo, wala hakuna wazo linalofanana nayo. Dai lenyewe bado linarudiwa, kwa kuwa tarehe kamili na jina la mpokeaji vina nguvu ya kumnyamazisha mtu asiyeweza kuifungua barua.

Je, Voltaire hakuandika lolote linalokaribia?

Aliandika. Katika maandishi yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1770, yaliyopangwa kama kamusi, kwenye ingizo linalohusu mwanadamu, anasema kwamba alimpenda mwandishi wa kile kitabu cha akili, kwamba mtu huyo alikuwa bora kuliko maadui wake wote wakijumlishwa, ila hakuwahi kuyaafiki makosa ya kitabu chake wala ule ukweli wa kawaida anaoutangaza kwa mbwembwe. Na kwamba alichukua upande wake kwa sauti kubwa pale watu wa kipuuzi walipomhukumu kwa sababu ya ukweli huo huo.

Yote yamo: kutoafiki na kutetea, vyote kwa mtu mmoja. Kisichomo ni kiapo cha kufa, na wala neno "haki" halimo. Voltaire anasimulia alichomfanyia rafiki; Hall aligeuza simulizi hiyo ikawa kanuni inayoweza kutumiwa na yeyote kwa yeyote. Hiyo ndiyo kazi ya utunzi aliyoifanya, na ndiyo sababu nasema kwamba sentensi ni yake kwa haki na wala si kwa bahati mbaya ya alama za uandishi.

Je, Voltaire aliishi kwa kanuni hiyo?

Wakati mwingine, na kwa ushujaa. Jean Calas, mfanyabiashara Mprotestanti wa Toulouse, alihukumiwa kwa madai ya kumuua mwanawe ili kumzuia asiwe Mkatoliki, akauawa tarehe 10 Machi 1762 kwa kuvunjwa viungo juu ya gurudumu. Voltaire alifuatilia kesi hiyo kwa miaka mitatu, akatumia fedha zake na marafiki zake wakubwa, akaandika Risala juu ya Uvumilivu iliyotoka mwaka 1763, hadi hukumu ikatenguliwa na jina la Calas likasafishwa mwaka 1765.

Lakini suala la "hadi kufa" halimfai sana. Voltaire alikuwa amefungwa katika gereza la Bastille akiwa kijana, na hakutaka kurudi. Vitabu vyake vya hatari alivitoa bila jina na kisha akakana kwa uso mkavu kwamba si vyake. Alinunua makazi Ferney, karibu kabisa na mpaka, ili hali ikichafuka avuke kwenda Geneva. Mwaka 1766 kijana wa miaka 20, chevalier de La Barre, alipokatwa kichwa huko Abbeville kwa kosa la kuikashifu dini na mwili wake kuchomwa pamoja na nakala ya Kamusi ya Falsafa ya Voltaire, Voltaire alishikwa na hofu na kuondoka kwa muda. Baadaye aliipigania kumbukumbu ya kijana huyo kwa miaka mingi. Sioni aibu katika hofu hiyo; naona tu kwamba si picha inayochorwa na nukuu.

Na kuna upande mbaya zaidi. Mwaka 1764 alitoa kijitabu kisicho na jina la mwandishi dhidi ya mwanafalsafa mwenzake Jean-Jacques Rousseau, akifichua kwamba Rousseau aliwatelekeza watoto wake, na akamalizia kwa kudokeza kwamba mchochezi wa aina hiyo anastahili adhabu ya kifo. Haki ya Rousseau ya kusema haikupata mtetezi hapo.

Je, wazo lenyewe lilianza na Voltaire au Hall?

Hapana, ni la zamani. Tacitus, mwanahistoria wa Roma, aliusifu wakati adimu ambao mtu anaweza kufikiri anachotaka na kusema anachofikiri. Baruch Spinoza aliyachukua maneno hayo mwaka 1670 yakawa kichwa cha sura ya mwisho ya risala yake ya theolojia na siasa. John Milton alikuwa amekwisha kuandika dhidi ya vibali vya uchapishaji huko Uingereza mwaka 1644. Kauli inayofanana zaidi na ya Hall ilitoka Marekani mwaka 1929, pale Jaji Oliver Wendell Holmes, akipingana na wenzake katika kesi ya Rosika Schwimmer, alipoandika kwamba uhuru wa fikra si uhuru wa fikra za wanaokubaliana nasi bali ni uhuru wa fikra tunazozichukia.

Je, Kiswahili hakina msemo wake wa namna hii?

Kinao msemo wa jirani: "Akili ni nywele, kila mtu ana zake." Lakini methali hiyo inaeleza hali ilivyo tu. Inakiri kwamba vichwa havilingani, na mara nyingi hutumika kufunga mazungumzo kwa amani. Haimwahidi mtu ulinzi siku atakapokamatwa kwa alichosema. Vivyo hivyo "hayo ni maoni yako", ambayo kwa kawaida husemwa kwa maana ya "sitaki kuendelea kukusikiliza".

Kuna pia mtego wa neno lenyewe. Kwa Kiswahili "kuwa na haki" ni kuruhusiwa na pia ni kuwa upande ulio sahihi. Anayesema "nina haki ya maoni yangu" aghalabu huvuka kutoka maana ya kwanza hadi ya pili bila kugonga hodi. Sentensi ya Hall haimruhusu kuvuka, kwa kuwa nusu yake ya kwanza inamkatalia kabisa kwamba yuko sahihi.

Je, kauli hii ina nguvu ya sheria?

Haina. Sheria zina maneno yake: Kifungu cha 19 cha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania, Kifungu cha 33 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Hicho cha Kenya, kwa mfano, kinasema wazi kwamba uhuru wa kujieleza hauhusishi propaganda ya vita, uchochezi wa vurugu wala matamshi ya chuki, mipaka ambayo huwezi kuisoma katika sentensi ya Hall.

Kuna nukuu nyingine za uongo zinazobandikwa jina la Voltaire kuhusu uhuru wa kusema?

Ipo moja ya kuangaliwa sana, isemayo kwamba ukitaka kumjua anayekutawala, tazama ni nani huruhusiwi kumkosoa. Imetokana na maneno ya Kevin Alfred Strom, Mmarekani mfuasi wa siasa za Kinazi, aliyoyatoa mwaka 1993. Watu waungwana huisambaza bila kujua wanamsambazia nani.

Nikitaka kuitumia kauli ya Hall, niandikeje?

Andika sentensi, kisha: Evelyn Beatrice Hall, akiueleza msimamo wa Voltaire, 1906. Ukihutubia, sema "kama Hall alivyoufupisha msimamo wa Voltaire". Maneno hayo hayazidi pumzi moja, na jina la Voltaire bado limo kwa anayelihitaji.

Na ile ya kimanda, angalau hiyo ni ya Voltaire?

Hata hiyo ina mwenyewe wa zamani zaidi. Inasimuliwa kwamba mshairi Des Barreaux, aliyefariki mwaka 1673, aliagiza kimanda chenye nyama ya nguruwe siku ya mfungo, na mara radi ikapiga kwa kishindo. Akaichukua sahani, akakitupa kimanda dirishani, akasema maneno yale yale. Voltaire aliijua hekaya hiyo, na wasomaji wake waliijua pia.